Murembe wa Chwele na ua la Wachina lisiloogopa baridi

CHUKUA ile chupa ya chai iliyo mezani kwenu, msomaji mpenzi, uigeuze polepole. Yaelekea ilitengenezwa Uchina, na kama ni ya mtindo ule wa zamani waliopenda mama zetu, ubavuni imepakwa maua. Ikiwa ni ua kubwa jekundu, petali zimesongamana kama kabichi, hilo ni peoni. Wachina hulihesabu kuwa ua la utajiri na ukubwa. Lakini ikiwa ni viua vidogo vya petali tano tano, vimekaa juu ya tawi jeusi lililopindapinda, tawi lisilo na jani hata moja, basi unatazama jambo lingine kabisa. Hilo ni ua la mti uitwao mei, na kwa muda wa miaka elfu moja hivi washairi wa Uchina wamelitumia kumsifu mtu asiyenunulika.

Chupa za namna hiyo, na makarai yake, zimezagaa katika masoko ya Magharibi mwa Kenya, na Chwele si haba kwa soko. Ukitoka Kitale upitie Kimilili, au upande kutoka Bungoma mjini, utalikuta limejaa vitunguu, nyanya, ndizi, kuku na mitumba, na Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, umesimama kwa nyuma. Basi fika huko kiangazi kinapokaza, kati ya Desemba na Februari, mahindi yakiwa yameshavunwa na vumbi limetanda juu ya kila kitu. Tembea kidogo kuelekea mashambani. Penye ua wa boma la mtu huenda ukaona mti usio na jani, gome lake nene limepasukapasuka na kuota miiba, na juu ya matawi yake makavu kuna maua mekundu kama makaa ya moto. Huo ndio murembe.

Nia yangu leo ni kuisimamisha miti hii miwili pamoja. Yote miwili huchanua wakati ambao mti mwingine wowote umelala. Na watu wa pande zote mbili, bila kuulizana, waliihusisha na jambo lile lile: ukweli wa mtu unapojaribiwa.

TUNDA KWANZA, UA BAADAYE

Mei ni jamaa ya plamu, ingawa wataalamu wa mimea husema udugu wake na aprikoti ni wa karibu zaidi. Usitarajie plamu tamu zile tunazouziwa kando ya barabara kule Limuru. Tunda la mei ni kali kwa uchachu, na Wachina wa kale walilitia chakulani kama sisi tunavyotia ndimu au ukwaju. Katika Kitabu cha Nyimbo, mkusanyo wa mashairi wenye umri wa zaidi ya miaka 2,500, mei yatajwa kwa ajili ya matunda yake. Msichana ayaona yakipukutika mtini na kuhofia kwamba siku zake za kuolewa nazo zapita. Hakuna habari za uadilifu hapo, ni habari za posa.

Nalitaja hili makusudi. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba ishara katika ushairi ni kama nambari za usajili wa gari, kila moja na mwenyewe tangu kiwandani. Sivyo. Ishara hutengenezwa na watu, tena kwa sababu. Wakati wa ufalme wa Tang, kati ya mwaka wa 618 na 907, matajiri wa mji mkuu walikuwa na wazimu wa peoni. Ni katika ufalme uliofuata wa Song, kuanzia mwaka wa 960 hadi 1279, ndipo mei ilipopanda daraja na kuwa ua la mtu mwadilifu.

Sababu yenyewe ni baridi. Sisi wa ikweta twahitaji kuelezwa. Theluji tunayoijua ni ile ya kilele cha Mlima Kenya, ya kutazamwa kwa mbali, na huko Elgon kinachotuumiza ni mvua ya mawe. Lakini katika bonde la mto Yangtze, Januari na Februari ni miezi ya upepo unaokata masikio. Miti imebaki mifupa mitupu. Nyuki hawatoki. Ndipo mei huchanua, wakati mwingine theluji ikiwa ingali juu ya tawi, na harufu yake hukufikia kabla hujaliona ua lenyewe. Majani huja baadaye, ua likiisha.

Wachina wakaiunganisha na mimea mingine miwili wakaiita marafiki watatu wa majira ya baridi. Wa kwanza ni msonobari, ambao haupotezi rangi yake ya kijani. Wa pili ni mwanzi, unaoinama bila kuvunjika (mtu wa Elgon hahitaji kuelezwa mwanzi, mlima wake una msitu mzima). Wa tatu ni mei. Lakini angalia tofauti. Wale wawili huvumilia tu baridi. Mei ndiyo inayotoa ua.

Mtu wa kwanza kujulikana sana kwa mapenzi ya ua hili alikuwa mshairi Lin Bu, aliyeishi kati ya mwaka wa 967 na 1028. Alikataa vyeo vya serikali akajenga kibanda chake kwenye kilima kando ya Ziwa la Magharibi mjini Hangzhou, akapanda miti ya mei na kufuga korongo. Hakuoa. Watu wakasema mei ndiyo mkewe na korongo ndio wanawe. (Wazee wa kwetu wangemwita kikao cha dharura.) Ushairi wake ulipendwa mno, lakini kusema kweli, mtu anayekaa kilimani mbali na vishawishi hajajaribiwa sana. Aliyejaribiwa ni mwingine.

ALIYEFUTWA KWENYE ORODHA

Wewe unayejiandaa kwa mtihani, soma sehemu hii kwa makini.

Lu You alizaliwa mwaka wa 1125. Hakuwa hata na umri wa miaka miwili kamili pale maadui kutoka kaskazini, Wajurchen wenye ufalme wa Jin, walipouteka mji mkuu wa Song mwaka wa 1127. Serikali ikakimbilia kusini, ikaweka makao Hangzhou. Kuanzia hapo wakubwa waligawanyika. Wako waliotaka kupigana kurudisha nchi, na wako waliotaka amani kwa bei yoyote ile. Kiongozi wa kundi la pili alikuwa waziri mkuu Qin Hui. Ni katika zama zake ambapo jemadari hodari Yue Fei, aliyekuwa akiwashinda maadui vitani, aliitwa arudi nyumbani akatiwa gerezani na kuuawa mwaka wa 1142.

Katika Uchina ya wakati huo mtihani wa serikali ndio uliokuwa mlango wa ofisi. Lu You aliufanya mwaka wa 1153 akawa wa kwanza. Nyuma yake, nambari mbili, alikuwa mjukuu wa Qin Hui. Mwaka uliofuata, kwenye mtihani wa ngazi ya juu, jina la Lu You liliondolewa orodhani kwa amri ya waziri mkuu. Kosa lake lilikuwa kumtangulia mtoto wa mkubwa, na zaidi ya hapo kuandika waziwazi kwamba nchi ipiganiwe. Alikuwa kijana asiyefikia miaka 30, na mlango ukafungwa usoni pake.

Qin Hui alifariki mwaka wa 1155, na baada yake Lu You akaanza kupata kazi ndogo ndogo. Mwaka wa 1162 mfalme mpya akamtunuku ile hadhi aliyonyimwa kwenye mtihani. Hata hivyo ulimi wake haukubadilika. Aliendelea kuhimiza vita vya kurudisha kaskazini, na kila mara wakubwa walipochoka naye alipoteza kazi. Walipomshutumu kwamba ni mtu asiyejizuia, alilichukua shutuma hilo akalifanya jina lake la ushairi: Mzee Asiyejizuia. Ndiyo, hata matusi yaweza kuvaliwa kama kofia.

Mashairi yake yaliyosalia hadi leo ni zaidi ya 9,000, na miongoni mwayo mengi ni ya mei. Lililo maarufu zaidi ni fupi mno. Lazungumzia mti ulioota penye daraja bovu, hauna mwenyewe, jioni yaingia na mvua yanyesha. Hausifiwi kwa uzuri. Unasifiwa kwa kutoshindana na maua mengine yanayongojea joto, na kwa kubaki na harufu yake hata petali zikishasagwa zikawa matope. Ukiijua habari ya mtihani ule, unaelewa mara moja kwamba hasemi juu ya mti.

Alifariki mwaka wa 1210 akiwa na miaka 80 na ushei, nchi haijarudi. Shairi lake la mwisho ni wasia kwa wanawe: siku kaskazini itakapokombolewa, wasisahau kumpasha habari baba yao watakapokuwa wakitoa sadaka ya ukoo. Kwa Mbukusu wasia kama huo hauhitaji kutafsiriwa.

Na Qin Hui je? Nenda Hangzhou leo, kwenye kaburi la Yue Fei kando ya lile lile Ziwa la Magharibi alikoishi Lin Bu. Utamkuta Qin Hui na mkewe, sanamu za chuma, wamepiga magoti mbele ya kaburi. Kwa vizazi na vizazi wageni walikuwa wakizitemea mate.

Habari ya kufutwa orodhani hatuko mbali nayo. Baada ya mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2015, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa kwa sababu ya udanganyifu, na Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa. Hapa mambo yamegeuka juu chini. Lu You alifutwa kwa kuwa alishinda bila kuiba. Wetu walifutwa kwa kuwa karatasi zilikuwa zimeuzwa, na aliyelipa mara nyingi si mtoto, ni mzazi. Haya ni maneno ya nyumbani, nayaandika kwa kuwa ukurasa huu husomwa nyumbani. Mzazi anayemnunulia mwanawe karatasi ya mtihani ndiye Qin Hui wa nyumba hiyo, na aliye nambari moja kwa haki ameondolewa nafasi yake asijue hata aliyemwondoa.

MTI UNAOOGOPWA NA MWONGO

Turudi Chwele. Murembe, ambao wataalamu huuita Erythrina abyssinica, si wa Wabukusu na Waluhya peke yao. Wakikuyu huuita muhuti, Wakisii omotembe, Waluo orembe, na Waswahili wa pwani mwamba ngoma, kwani mbao yake laini na nyepesi hufaa kuchongewa ngoma. Gome lake nene huukinga na moto wa nyika. Maua yake huwavuta ndege aina ya chozi wanaofyonza asali yake wakati ambapo chakula kingine ni haba. Ni wa jamii ya maharagwe, hivyo mizizi yake huurutubisha udongo. Usilichanganye jina lake na neno “mulembe”, ile salamu ya Waluhya yenye maana ya amani, ingawa masikioni yakaribiana mno.

Lakini mzee wa Kiluhya ukimtajia murembe, hataanza na ngoma wala asali. Ataanza na kiapo. Mapokeo yasimulia kwamba palipotokea wizi, ugomvi wa mpaka wa shamba au tuhuma nzito ambayo wazee hawakuweza kuitatua, wahusika walipelekwa penye mti huu. Mtuhumiwa aliuzunguka na kuupiga kwa shoka au panga, huku akitamka kwamba kama amesema uongo basi mauti yamfike. Aliyekuwa na hatia, yasemekana, hakufika mbali. Ndiyo maana wengi walikiri njiani, kabla hata ya kuuona mti wenyewe.

Mimi sipendekezi turudi huko. Mti hauwezi kuhoji mashahidi, na katika tuhuma za uchawi mnyonge, hasa mama mzee asiye na mtetezi, ndiye aliyeweza kuburutwa hadi penye kiapo asichokitaka. Mahakama pamoja na uzito wake wote ni afadhali. Hata hivyo mtu aliyebuni kiapo hiki alijua jambo moja kuhusu binadamu: wengi wetu husema kweli tunapoogopa.

Na hapo ndipo miti hii miwili inapoachana njia. Murembe hukutaka useme kweli mbele ya ukoo mzima, ukitetemeka. Mei ya Lu You haina mtazamaji. Iko penye daraja bovu, jioni, hakuna anayepita. Mmoja wapima uadilifu kwa hofu, mwingine waupima kwa upweke. Ukiniuliza ni upi mgumu, nitasema ule wa pili.

Chukua mfano wa nyumbani Bungoma. Mwaka wa 2015 nchi nzima ilicheka iliposikia kwamba serikali ya kaunti ilinunua wilibaro 10 kwa bei ya zaidi ya shilingi 100,000 kila moja. Maafisa wakafikishwa mahakamani. Kicheko kilikuwa kikubwa, lakini fikiria ilivyo ofisini karatasi kama hiyo inapopita. Si karatasi ya mtu mmoja. Yupo anayeandika bei, anayeilinganisha, anayeidhinisha, anayepokea mzigo. Kila mmoja ana dakika yake ya upweke na kalamu mkononi. Sura ya 6 ya Katiba yetu ya mwaka wa 2010 yahusu uongozi na uadilifu, tena imeandikwa vizuri. Lakini dakika ile Katiba imo kabatini, na murembe uko shambani.

Wala tusiwapake Wachina mafuta. Wakubwa wengi waliokula rushwa walitundika picha za mei ukutani na kutunga mashairi yake, kwa maana ilikuwa desturi ya msomi. Hata Mwenyekiti Mao alilijibu shairi la Lu You mwaka wa 1961 kwa shairi lake mwenyewe la mei, akageuza huzuni yake kuwa furaha. Ua la mnyonge likawa ua la mwenye dola. Kulisifu ua hakumgharimu mtu kitu. Ndiyo sababu, msomapo ushairi wa aina hii, ulizeni kwanza mtungaji alilipa nini. Zheng Sixiao, aliyeishi kati ya 1241 na 1318, hakuwa hata na haja ya mei. Wamongolia walipoiangusha Song, alichora okidi zake bila udongo, mizizi ikining'inia hewani. Alipoulizwa udongo uko wapi, alijibu kwamba umeibwa.

Je, kwetu kuna ushairi ulioandikwa kwa bei hiyo? Upo, tena kwa Kiswahili. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika mwaka wa 1968 karatasi iliyouliza Kenya yaelekea wapi. Kwa ajili ya swali hilo alitiwa gerezani miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972. Humo alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka wa 1973 mashairi hayo yakatoka kitabuni kwa jina Sauti ya Dhiki. Mojawapo laitwa “Siwati”, yaani siachi. Jingine ni mabishano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi, na wasomaji wengi wameuona mnazi huo kuwa ni nchi yenyewe. Mwaka wa 1974 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la yule yule rais ambaye serikali yake ilimfunga. Lu You angecheka.

Wabukusu nao wana mahali pao pa maneno yasiyopendeza wakubwa. Mzee wa heshima akishazikwa, huitwa msemaji wa kumuse. Watu huketi, naye hutembea huku na huko mbele yao akiieleza historia ya ukoo, akiwafariji wafiwa na kuwakemea walio hai bila kujali nani amekuja kwa gari gani. Si kila mtu aruhusiwaye kuifanya kazi hiyo, na si kila marehemu afanyiwaye. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti katika fasihi simulizi, kumuse ni hazina.

Sasa kama unataka watoto wako wa mjini waione habari hii kwa macho, si lazima uwapeleke Hangzhou. Likizo ya Desemba mkipanda basi kwenda ushago, waonyesheni murembe kabla haujakatwa kupisha mikalitusi. Mkikosa penginepo, Makumbusho ya Kitale, yaliyoanzishwa na Kanali Stoneham mwaka wa 1926, yana njia ya kutembea ndani ya msitu wa asili kando ya mto. Na kama una kipande cha ardhi, kupanda ni rahisi. Kata tawi lililokomaa, lenye unene wa mkono hivi, lichomeke ardhini mvua za Machi zinapokaribia. Hushika haraka, ndiyo maana wakulima huutumia kwa ua wa boma. Chagua mahali ambapo miiba yake haitawachoma wapitao. Maganda yake yakipasuka utaona mbegu nyekundu zenye doa jeusi, nzuri sana kwa kutungia shanga. Waacheni watoto wazikusanye, ila waonyeni wasizitafune. Zina sumu.